Vigelegele Vilivyomtangulia Mtoto

Sisi tuliokua kabla stima haijafika upande wa Karurumo tulijua mtoto amezaliwa kwa masikio. Hakuna aliyetumwa, hakuna aliyepigiwa. Umeinama kwenye shamba la wimbi unafukuza ndege, ama uko mtoni na kibuyu chako, mara sauti ya mwanamke inapanda kutoka ng'ambo, nyembamba, kali, inavuka bonde kama bonde si kitu. Kila mtu alisimama. Mama aliinua mkono tunyamaze, na ole wako ukikohoa wakati huo, kwa sababu habari yenyewe ilikuwa kwenye hesabu. Kwetu vigelegele vitatu vilikuwa vya msichana, vitano vya mvulana. Cha tatu kikishapigwa, watu walishika pumzi wakingoja. Kimya kikiendelea, mama alisema, "Ni mtu wa kuchota maji," akarudia jembe lake. Kikifuata cha nne, alisema, "Ni wa mbuzi." Basi. Mpaka jioni kilima kizima kilikuwa kinajua, na kuni zilikuwa zinafungwa.

Wajukuu wangu nikiwaambia haya wanauliza kama mtandao ulikuwa unashika. Ulishika sana. Haukutaka kuchajiwa, ulitaka kifua tu, na vifua tulikuwa navyo. Hawa wa leo, mtu akipanda kutoka mtoni na ndoo nusu anakaa chini anapumua kama ng'ombe wa kuuzwa.

Mimba yenyewe haikutajwa. Mimi niliamini watoto wanatolewa kwenye mto Ena. Mama alinenepa mbele ya macho yangu na sikuona kitu; nilidhani ni viazi vitamu, maana mwaka ule vilikuwa vingi. Siku moja tulifukuzwa nyumbani pamoja na mbuzi wetu, tukaambiwa twende kwa nyanya na tusirudi mpaka tuitwe. Tuliporudi tulikuta kuna mtoto, na mama amelazwa kando ya moto, wanawake wanamlisha njahi, yale maharagwe yetu meusi, zilizopondwa na ndizi, mafuta yanamteremka mpaka kidevuni. Nilimwonea wivu. Siku nyingi baadaye nilikuwa nikienda kuchota maji nachungulia chini ya mawe nione kama kuna mwingine.

Na hakuna kilichonunuliwa kabla. Kofia, soksi, kitanda, hata kitambaa cha kumfunga, hapana. Mtoto alikuwa mgeni ambaye hajasema siku ya kufika, na ukianza kumpangia viti kabla hajabisha hodi ni kama unamchokoza. Alifika kwanza, akalia, akapigiwa vigelegele, ndipo vitu vikaja vyenyewe kwa migongo ya wanawake.

Wasichana wa rika langu mtakumbuka watoto wetu wa maganda ya mgomba. Ulikunja ganda kavu, ukafunga shingo kwa kamba, ukamwekea nywele za mahindi. Alikuwa mzuri kuliko hivi vidoli vya plastiki vinavyofumbua macho vyenyewe kama wachawi. Lakini hukumbeba mgongoni kabla hajapewa jina, na jina lilikuwa na sheria yake: msichana wa kwanza ni wa mama ya mume. Kwa hivyo ilibidi kwanza tupate mume. Tulimkamata mvulana yeyote aliyekuwa hana kazi, akasimamishwa pale, akataja jina la mama yake. Kuna mmoja alikwama. Alimjua mama yake kama mama tu, jina lake hakuwa amewahi kuliuliza. Tulimfukuza, tukatafuta baba mwingine.

Hatukuwa tunacheza tu. Kwetu jina halitafutwi, linarudi. Mtoto akiitwa kwa jina lako, watu husema wewe umezaliwa. Utasikia mzee anaulizwa barabarani, "Umezaliwa mara ngapi?" na anajibu kwa kiburi kama anataja mashamba.

Sasa mnisikilize. Marehemu mzee wangu, Nyaga, alizaliwa mara tatu. Nilimzalia wavulana wanne, na wakubwa watatu kila mmoja alianza na mvulana, kila mvulana ni Nyaga. Wakikutana hapa kwangu wakati wa likizo, nikiita Nyaga wanakuja watatu na hakuna hata mmoja anayeleta kuni. Nawapenda, nawajivunia, mmoja anaweza kuendesha ndege ndogo isiyo na rubani akapiga picha ya kahawa yangu kutoka juu. Lakini baada ya hao Nyaga, wale wanangu walizaa wavulana wengine, kisha wakaacha. Mzee amelala kaburini na bado ananishinda. Mimi, Ciarunji, sikuwa nimezaliwa hata mara moja.

Akabaki Mugendi, kitinda mimba wangu, anayetengeneza simu mjini Embu. Huyo alioa Kendi, msichana wa Maua, ambaye baba yake ni mtu wa miraa. Kendi ana Kimeru chake cha Igembe, mimi nina Kiembu changu, tunakutana katikati kwa Kiswahili, na ndiyo maana Kiswahili changu kimenoga uzeeni kuliko kile kidogo nilichopata shule. Nampenda huyo msichana. Niseme hilo mapema, kabla sijaanza kumsema.

Kendi alipopata mimba, simu yake ilikuwa inamwambia kila wiki mtoto ni mkubwa kiasi gani. Mara ni punje ya harage, mara limau, mara ovakado. Alinipigia kuniambia hiyo ya ovakado na furaha nyingi. Nikamwuliza ni ile ya kienyeji ama ile ndogo ya kupelekwa ng'ambo, maana hizo si sawa hata kidogo. Akaenda kuangalia. Wiki iliyofuata simu ilisema mtoto ni tunda ambalo hatujawahi kuliona sisi wote wawili, basi tukakosa kujua tuko wapi.

Halafu wakaja na habari ya sherehe. Siku hizi, mkitaka kujua mtoto ni wa jinsia gani, daktari anaangalia kwa mashine lakini hawaambii wazazi. Anaambiwa rafiki. Rafiki anamwambia fundi wa keki. Yaani mtu wa keki anajua, muuza baluni anajua, baba mwenye mtoto hajui. Siku ikifika watu wanakusanyika, wengine wamevaa samawati, wengine waridi, mkebe unafunguliwa, moshi unatoka, na ile rangi ya moshi ndiyo habari. Walitaka kufanyia hapa kwangu kwa sababu nyasi zangu ni nzuri na mlima unaonekana nyuma. Nilikubali. Niliambiwa nichague upande, samawati ama waridi. Nikavaa kitenge changu cha kijani cha kanisani, nikawaambia mimi ni wa upande wa ovakado.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa jikoni nikisikia Kendi akiongea na rafiki yake dirishani. Alisema kama ni msichana wameshapata jina, jina zuri, jina ambalo hakuna mtu mwingine analo.

Nilisimama na sufuria mkononi. Hakuna mtu mwingine analo. Mimi ninalo langu tangu nizaliwe.

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa kusema. Nimemwambia mchungaji mahubiri yake ni marefu. Nimemwambia chifu suruali yake imepasuka, mbele ya mkutano. Lakini jina lako huliombi. Ukiliomba halitakuwa jina tena, litakuwa sadaka, na mtoto atakua akijua alilazimishiwa jina la nyanya yake. Kwa hivyo nilimwangalia Mugendi tu, nikamwangalia vile mama anavyoweza kuangalia. Mugendi akaangalia simu.

Saa ya moshi ilipofika vijana walizunguka na simu zote juu, hakuna aliyekuwa anaangalia kwa macho yake. Mkebe ukalia pu, moshi ukatoka, rangi kama maua ya viazi vitamu. Mimi nilitafuta ndoo ya maji. Mjukuu mmoja, Nyaga wa pili, akanishika mkono akaniambia, "Cucu, ni msichana."

Basi mdomo wangu haukuniuliza. Nilipiga vigelegele vitatu vile mama alivyonifundisha, kichwa juu, uso kuelekea bondeni, bila kuharakisha. Vijana walipiga makofi, wakaniomba nirudie kwa sababu mmoja hakuwa amewasha kurekodi. Nikawaambia ngemi, vigelegele vyetu, hazirudiwi, watahesabu vibaya huko.

Na ng'ambo ikajibu.

Ilikuwa sauti ya Wambeti, mtu wa rika langu, tulicheza naye watoto wa mgomba. Ningeijua hata kaburini. Baada yake akajibu mwingine chini kidogo, na mwingine karibu na kiwanda cha kahawa. Hapo ndipo nilijua nimefanya nini. Lakini vigelegele vikishatoka utaviitaje virudi?

Keki haikuwa imeisha walipoanza kuonekana kwenye njia. Wamama saba, wanane, leso kiunoni, wengine na kuni mgongoni, mmoja na mkungu wa ndizi, Wambeti mbele na kibuyu cha uji wa wimbi. Walipita katikati ya baluni bila kuziona, wakaenda moja kwa moja ndani ya nyumba kutafuta mzazi kitandani. Wakatoka. Wambeti alimtazama Kendi, ambaye alikuwa amesimama kwenye nyasi na gauni la kubana, tumbo mbele, kijiko cha keki mdomoni. Akatazama tumbo. Akanitazama mimi.

"Ciarunji, mtoto yuko wapi?"

"Bado yuko kwa tumbo."

"Na tumesikia vigelegele."

"Vilikuwa vya moshi," nikasema.

Alinitazama kama mtu anayefikiria nianze kufungiwa usiku. Nilimweleza yote, daktari, fundi wa keki, mkebe. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu, kama daktari huyo ni wa kulipwa.

Lakini chakula kilichobebwa kwa sababu ya mtoto hakirudishwi nyumbani. Walitua kuni, wakaketi, wakamwita Kendi aje akae katikati yao, wakammiminia uji. Kijana mmoja aliyetoka Nairobi alionja wake, akauliza kwa adabu kama umeharibika. Akaambiwa umechachuliwa, na kwamba yeye ndiye anaonekana kuharibika, mwembamba vile. Alikunywa vikombe viwili. Kendi alicheka. Niliona amefurahi kuzungukwa, maana mama yake yuko mbali Maua, na hawa walikuwa wanamshika mgongo na kumwambia aketi hivi, asiketi vile.

Ndipo Wambeti akauliza lile swali ambalo huulizwa siku zote, na hakuuliza kwa ubaya.

"Na anayekuja ni nani?"

Mimi niliinuka kwenda kuleta vikombe. Vikombe vilikuwa vya kutosha.

"Ni Kaylani," Kendi akasema.

Wambeti alilijaribu jina mdomoni, polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi wa mwenzake. "Kairani. Huyo ni mama ya nani? Ni wa upande wenu wa Maua?"

Kendi akamweleza hapana, si wa upande wowote. Wamelipata kwa simu. Linatoka visiwa vya mbali na maana yake ni bahari na mbingu. Wamama walitazamana. Mmoja aliuliza bahari gani, maana sisi maji makubwa tuliyo nayo ni bwawa la Kiambere, na hata hilo ni la stima.

"Kwa hivyo jina halina mwenyewe," Wambeti akasema.

"Ni lake, Mama. Lake mwenyewe."

"Peke yake?"

"Ndiyo."

"Maskini," akasema Wambeti, na akamwongezea uji.

Angecheka ingekuwa afadhali. Alisema kwa huruma, kama unavyomsema yatima. Nilikuwa mlangoni na vikombe vyangu, nikaona Kendi ameweka uji chini. Mugendi alikuwa amejificha nyuma ya simu yake, anapiga picha mlima. Mimi niligawa vikombe.

Baada ya siku hiyo nilichekwa sana. Sokoni nikipita watu waliuliza kama kuna moshi mpya. Wambeti mwenyewe aliniita Mama Moshi kanisani. Nilicheka nao. Lakini nyumbani nilikuwa najiongelesha. Nilijiambia Ciarunji ni jina zito kwa mtoto wa mjini, watalichekea shuleni, walimu watalikosea. Nilijiambia watu husahaulika hata wakiwa na majina. Kendi alipiga simu mara nyingi, akaniambia mtoto sasa ni tikitimaji, nikamwambia avute pumzi. Jina halikutajwa, na mimi sikuuliza. Mtu wa kusema nikawa mtu wa kumeza.

Siku yenyewe nilikuwa kwenye kahawa, kikapu kiunoni, simu ikalia mfukoni mwa aproni. Ilikuwa ile ya picha, ya kuonana uso kwa uso, nikaifungua. Kwanza nikaona dari, kisha pua ya Mugendi, kisha kitu chekundu kimekunjamana kama ngumi. Nikauliza kama amenyonya. Nikauliza kama mama yake ameweza kusimama, kama amekula, kama hospitali wana uji. Niliuliza kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Mtoto akalia. Mugendi alimwinua vibaya, kama anainua simu ya mteja iliyopasuka kioo, akamweka begani, na nikasikia anamwambia, "Nyamaza, maitu."

Maitu kwetu ni mama yangu. Mwanamume humwita hivyo binti yake akiwa amebeba jina la mama yake. Baba yangu aliniita hivyo, kwa sababu mimi nilikuwa mama yake aliyezaliwa upya. Aliporudi jioni na kipande cha muwa kwenye bega, wenzangu walipata muwa, mimi nilipata muwa na salamu. "Maitu, umeniachia uji?" Hakunipiga hata siku moja, maana nani atampiga mama yake? Kwa makosa yangu yote walipigwa kaka zangu, na hawajanisamehe mpaka leo.

Nilikaa chini, kwenye udongo, kikapu na vyote. Kendi alichukua simu. Uso ulikuwa umechoka na macho yamevimba.

"Mama," akasema, "wale wamama waliniuliza Kaylani ni nani, nikakosa la kuwajibu. Nimekuwa na hilo swali tangu siku ile. Huyu wakimwuliza yeye ni nani, nataka awe na jibu."

Nilivuta aproni nikafunika uso. Akaona, akaanza kunichokoza, akaniambia Kaylani pia yuko, amefuata nyuma: Ciarunji Kaylani. Nikamwambia aweke bahari yote akitaka, na mbingu, na visiwa, mradi mimi niko mbele.

Nilipanda mpaka juu ya kahawa, nikapangusa uso, nikapiga vitatu. Kifua si kile cha zamani lakini vilifika, nilivisikia vikigonga ng'ambo. Nikangoja. Hakuna. Mbwa mmoja akabweka. Nikangoja tena, na kwa mbali nikasikia wamama wanacheka shambani. Walidhani ni moshi.

Ikabidi nimpigie Wambeti. Nikamwambia, "Safari hii ni kweli. Nimezaliwa."

Nikasikia jembe likiwekwa chini.

"Tuma picha kwanza," akasema.

Enzi zetu sauti ya mwanamke mmoja ilitosha. Watu walibeba kuni na kupanda kilima kwa ajili ya sauti tu, na hakuna aliyeomba kuona kitu. Leo mtu wa rika langu, ambaye hata sahihi yake ni alama ya kidole gumba, anataka ushahidi. Lakini siwezi kusema uongo: enzi hizo mtoto akizaliwa mbali ungekaa miezi kabla hujamwona, na mimi wangu nilimwona kabla nywele hazijakauka, nikiwa na kahawa mbichi mkononi. Mkiniambia nichague, nitawasumbua. Nataka sauti na nataka picha.

Nikatuma. Simu ikazunguka, ikazunguka, ikaenda. Nikawaza jinsi Wambeti anavyoishika mbali na uso, anakunja macho. Alikaa nayo sana. Kisha akapiga.

"Ni wewe kabisa," akasema. "Hata mdomo hajaufunga."